Umempiga kulungu vibaya kwa mshale? Mwongozo kamili wa nini cha kufanya kuanzia sekunde ile ile

Mshale umetoka, umesikia "pu!" ya maji maji badala ya ile sauti ya kifua ambayo ulikuwa unaisubiri, kulungu amejikunja mgongo kama mtu mwenye msokoto wa tumbo, ametembea hatua kadhaa mkia chini, na sasa hivi uko juu ya dungu mikono inatetemeka na unajua kabisa kuwa umepiga nyuma mno. Kama umewinda kwa upinde muda wa kutosha hiyo hali unaijua, na kama bado haijakukuta basi soma hii kabla haijakukuta, maana ukishakuwa kule juu akili haifanyi kazi vizuri na utafanya kile ulichokizoea au kile ambacho moyo unakusukuma, na moyo siku zote unasukuma kushuka ukimbilie.

Usishuke. Ukibeba neno moja tu kutoka hapa libebe hilo. Mshale ukishatoka huwezi kuurudisha, lakini kulungu wengi wanaopotea hawapotei kwa sababu ya ule mshale mbaya, wanapotea kwa sababu ya saa moja iliyofuata.

Niweke sawa jina kwanza. Kulungu ninayemsema hapa ni yule wa Amerika Kaskazini, wa mkia mweupe, ambaye watu wengi wanamwinda kwa upinde. Mnyama mwingine wa jamii hiyo hiyo mwili wake umepangwa vile vile, kwa hiyo mengi yanafaa. Sheria ndo zinatofautiana sana. Uingereza na Ujerumani kwa mfano hairuhusiwi kabisa kuwinda kulungu kwa upinde, na Marekani kila jimbo lina kanuni zake kuhusu tochi usiku, mbwa, na kuingia ardhi ya mtu, kwa hiyo hizo zijue kabla ya msimu, siyo saa nne usiku ukiwa na damu mkononi.

Kwanza elewa mshale unauaje

Risasi inapasua na kutikisa mwili mzima. Mshale hauna nguvu hiyo, mshale unakata, basi. Kulungu anakufa kwa kuvuja damu au kifua kuingiwa na hewa mapafu yakanywea. Mshale uliopita mapafu yote mawili unamlaza ndani ya sekunde chache tu na mara nyingi humkuti mbali zaidi ya mita 100 hivi. Ila kama umekata utumbo tu, hakuna mshipa mkubwa uliokatika, yule mnyama anakufa taratibu kwa sumu ya tumbo inayosambaa mwilini, na hiyo inachukua masaa. Atakufa karibu kila mara, hilo halina ubishi sana, swali ni atafia wapi. Ukimwacha atulie atalala kwenye kichaka cha karibu na hapo hapo ndo utamkuta. Ukimfuata mapema atainuka, adrenalini itampa nguvu upya, damu anayomwaga ni kidogo, na atakwenda kilomita nzima bila kukuachia chochote cha kufuata.

Ndo maana nasema saa ya kwanza ndo kila kitu.

Hatua ya 1: Dakika tano za kwanza, bado uko juu

Weka mshale mwingine kwenye upote mara moja. Watu wengi wanasahau hili kabisa wanabaki kushangaa. Kulungu aliyepigwa mshale mara nyingi hajui kimempata nini, anaruka mita 30 au 40 anasimama anaangalia nyuma, na kama amesimama ndani ya umbali wako na hakuna tawi katikati, mpige tena. Hapo usianze kuchagua sehemu nzuri kama mwanzo, mnyama ameshaumia, kazi yako sasa ni kumfupishia maumivu. Na kama ameanguka papo hapo miguu ya nyuma haifanyi kazi, umepiga uti wa mgongo, huyo hajafa, mpige wa pili haraka kwenye mapafu.

Kama ameondoka, mwangalie mpaka mwisho. Nasema mpaka mwisho kabisa, siyo unaanza kutafuta simu. Chagua kitu kimoja pale aliposimama wakati unampiga, mfano mti uliopinda au jiwe, na kitu kingine pale ulipomwona mara ya mwisho kabisa. Halafu ukishampoteza kwa macho, funga mdomo usikilize, utasikia majani, utasikia matawi, wakati mwingine unasikia ameanguka au anakohoa. Hiyo dakika ya kusikiliza ina thamani kuliko tochi yoyote utakayonunua.

Tazama alivyojibu mwili. Aliyeruka na kurusha miguu ya nyuma kama punda mara nyingi amepigwa kifuani chini, moyo au mapafu. Aliyejikunja mgongo akaondoka anatembea ni tumbo au ini. Aliyeyumba mguu mmoja, bega au paja. Siyo sheria ya dini hiyo, nimeshaona tofauti, lakini ni ushahidi, na wewe sasa hivi ni mpelelezi.

Kisha toa simu, angalia saa, andika. Piga picha kutoka hapo hapo juu ulipokaa ukielekeza alipokuwa na upande aliokimbilia, maana nakuhakikishia ukishashuka chini kila kitu kinabadilika sura, ule mti uliokuwa unauona wazi hauuoni tena. Weka alama kwenye apu ya ramani.

Hatua ya 2: Kaa, tulia, halafu ushuke bila kelele

Kaa nusu saa hapo juu. Mkanda wa usalama usiufungue, mikono inayotetemeka na ngazi ya mtini ni mambo mawili yasiyokaa pamoja, na watu wanaanguka wakati huu hasa. Kunywa maji. Rudia kichwani ulichokiona: mshale uliingia wapi, yeye alikuwa amekaa pembe gani, ulitokea upande wa pili au ulibaki ndani? Kama una noki yenye taa (noki ni kile kishikizo cha nyuma ya mshale kinachokaa kwenye upote) kuwa makini, ile taa ukiiona inawaka karibu na mbavu unaweza kudhani ndipo ulipopiga kumbe mnyama alikuwa ameshasogea, macho yanadanganya sana kwa kasi ile.

Kama una uhakika ni tumbo, na kulungu umemwona amelala mahali kwa karibu, usishuke hata baada ya nusu saa. Subiri giza au asogee, halafu ondoka kwa upande mwingine kabisa ukiangalia upepo usimpelekee harufu yako. Mshale utauangalia baadaye, haukimbii popote.

Hatua ya 3: Mshale unaongea, usikilize

Kama njia iko salama, nenda pale alipokuwa amesimama, polepole, na utafute mshale na manyoya. Hapa usiharakishe. Chuchumaa. Chukua mshale, uangalie kwenye mwanga, upitishe vidole kwenye unyoya wake, na ndio, unuse.

Damu ya pinki yenye povu la vipovu vidogo ni mapafu. Nyekundu iliyoiva, nyingi, bila povu, inaweza kuwa moyo au mshipa mkubwa, lakini inaweza pia kuwa nyama tu, na hii ndo inayodanganya watu wengi maana damu ya nyama inamwagika sana mwanzoni unafurahi, baada ya mita 150 inapungua inakuwa matone, halafu inakatika. Damu nyeusi nyeusi, rangi ya zambarau iliyokolea, ni ini. Ukiona vipande vya kijani au kahawia, majani yaliyotafunwa, mshale una ute na harufu ya zizi, hilo ni tumbo, na hata kama kuna damu nyekundu juu yake harufu ndo inashinda. Mshale unaweza kupita sehemu mbili, ini na tumbo viko jirani kabisa. Mafuta meupe yanayonata kama samli iliyoganda, na damu kidogo tu, mara nyingi umekwaruza mgongo juu au kidari chini.

Manyoya nayo usiyaache. Meupe na laini yametoka tumboni chini. Marefu, magumu, yenye ncha nyeusi yametoka mgongoni. Ya kahawia ya kawaida ni ubavuni. Mshale ukitoka kavu kabisa hauna kitu, usiseme "nimemkosa" ukaondoka, bado fuata njia aliyokimbilia angalau mita 200 ukitafuta, maana kuna majeraha yanayovuja ndani na kuanza kutoa nje baadaye.

Hatua ya 4: Amua unasubiri muda gani

Mapafu yote mawili au moyo, nusu saa inatosha. Ini, masaa manne mpaka sita. Tumbo au utumbo, masaa nane mpaka kumi na mbili, maana yake ukipiga jioni unarudi asubuhi. Pafu moja tu ndo baya kuliko watu wanavyofikiri, kulungu wa pafu moja anaweza kwenda mbali sana, mpe masaa sita au zaidi. Nyama tupu ya mguu au bega wawindaji hawakubaliani, kuna wanaosema mfuate mapema damu isipate nafasi ya kuganda, na mimi naelekea upande huo, nampa kama saa moja halafu naanza taratibu, lakini hapo uwe na uhakika kweli kuwa ni nyama. Ukiwa na shaka yoyote kati ya nyama na tumbo, mhesabu ni tumbo.

Sasa najua unachouliza. Mvua je? Mvua inakuja itafuta damu yote! Ni kweli itafuta, lakini kulungu wa tumbo hana damu ya kufuta, kile kitundu kinazibwa na utumbo wenyewe au mafuta, kwa hiyo ukikimbia mbele ya mvua unapoteza vyote viwili, damu na mnyama. Afadhali umtafute kesho kwa macho akiwa amelala mita 150 kutoka hapo. Kwa mapafu ni tofauti, huyo ameshakufa, nenda tu.

Joto ndo swali gumu kweli. Usiku wa nyuzi 3 nyama inakaa vizuri mpaka asubuhi. Usiku wa nyuzi 18 na tumbo limepasuka, nyama inaanza kuharibika ndani ya masaa machache baada ya kufa, na kuna mbwa mwitu pia wa kuhesabu. Hata hivyo mimi sishuki chini ya masaa sita kwa tumbo. Ukimwinua unapoteza nyama yote na mnyama anateseka siku nzima zaidi, ukisubiri huenda ukapoteza nyama kiasi. Hesabu ni hiyo.

Nikwambie kwa nini nashikilia hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilimpiga jike jioni, mita 25 hivi, mshale ukaingia kiganja kimoja nyuma ya pale nilipotaka. Mshale niliukuta, ulikuwa na damu nyekundu nzuri tu na harufu kidogo, nikajiambia hiyo harufu ni ya udongo. Nikasubiri dakika arobaini. Mita 120 ndani ya kichaka tochi yangu ikapiga mahali majani yamelazwa duara, nikaweka kiganja, pakavu na pana joto bado, na katikati kuna damu nyeusi kiasi cha kijiko cha chai na uji uji wa kijani. Alikuwa amelala pale. Alikuwa ananisikia nakuja. Nilisikia kitu kimoja tu, tawi limevunjika mbele yangu gizani, basi. Tulitafuta siku mbili, watu watatu, hatukumwona. Ile duara ya majani yenye joto naihisi mkononi mpaka leo.

Hatua ya 5: Kufuata damu

Kabla hujaanza beba vitu hivi: tochi yenye mwanga mkali na betri ya akiba, tishu za chooni (zinaonekana kwa mbali na zinaoza zenyewe), simu yenye chaji, maji, kisu, glavu, na upinde wako kama sheria inaruhusu. Na chupa ndogo ya kupulizia yenye haidrojeni peroksidi, ile ya asilimia 3 ya dukani ya kusafishia kidonda. Majani ya msimu wa vuli yana madoa mekundu yanayofanana na damu vibaya sana, ukipulizia kwenye damu inatoa povu jeupe, kwenye doa la jani haifanyi kitu.

Watu wawili, wasizidi watatu. Umati wa marafiki wenye nia nzuri ndo unaokanyaga ushahidi. Mmoja anasimama kwenye tone la mwisho HAONDOKI, mwingine anatafuta la mbele. Tembea pembeni ya njia ya damu, usiikanyage. Kila tone weka kipande cha tishu kwenye kijiti, halafu kila baada ya muda geuka nyuma uangalie ule mstari wa tishu, utaona anaelekea wapi na kama ameanza kukata kona.

Usiangalie chini tu. Damu inakaa kwenye majani ya kiuno, upande wa ndani wa nyasi, kwenye shina la mti alipojisugua, kwenye gogo aliloruka. Ikiwa pande zote mbili za njia, mshale umepita na kutoka, habari njema. Tone lililoanguka akiwa anakimbia lina vidole vinavyoelekea mbele anakokwenda, tone la duara kamili maana yake alisimama au anatembea polepole. Matone mengi mahali pamoja, alisimama kuangalia nyuma, na anamwangalia nani? Wewe.

Ukikuta alipolala, pana damu na yeye hayupo, acha. Weka alama, rudi ulikotoka kimya kimya, mpe masaa mengine manne mpaka sita. Najua inauma. Ukikuta malazi ya pili, ya tatu karibu karibu, huyo amechoka hayuko mbali, lakini bado usimsukume.

Hatua ya 6: Damu imekatika

Usianze kuzunguka ovyo, hiyo ndo tabia ya kila mtu. Rudi tone la mwisho, piga magoti kweli, angalia majani yaliyopinduliwa, udongo mbichi uliochimbuliwa na kwato, nyayo zilizopanuka. Kulungu anayekimbia anachimba, wanaotembea kawaida hawachimbi. Kama bado hakuna, zunguka duara dogo la mita 15, halafu kubwa zaidi. Wanapenda kugeuka na kurudi karibu na njia waliyopitia kabla ya kulala, na hilo linawapiga chenga watu wengi.

Watu wanasema aliyejeruhiwa siku zote anashuka bondeni. Siyo siku zote. Nimefuata waliopanda mlima. Ila wa tumbo na ini wanapenda maji na vichaka vizito, kwa hiyo mito, madimbwi na vichaka vya karibu ndo pa kwanza kuangalia, hata ndani ya maji yenyewe.

Baada ya hapo ni kupekua eneo zima kwa mistari. Washa apu ya ramani irekodi unakopita, tembea mistari iliyonyooka mita 8 au 10 kutoka ule wa kwanza, msitu mzito punguza. Usitafute kulungu mzima, tafuta kipande, tumbo jeupe, sikio, mstari wa mgongo ulionyooka kwa ulalo, maana msituni vitu vingi vimesimama. Asubuhi angalia kunguru na tai, sikiliza kelele zao. Upepo ukigeuka nusa.

Hatua ya 7: Mbwa, na piga simu mapema

Hili ningependa mtu angeniambia mapema. Pale ambapo sheria inaruhusu, mbwa aliyefundishwa kufuata kulungu aliyejeruhiwa, akiwa kwenye kamba ndefu na mwenyewe nyuma, anafanya kazi ambayo watu kumi hawawezi. Hafuati damu peke yake, kulungu ana tezi katikati ya kwato zinazoacha harufu kila anapokanyaga, na mbwa mzuri anaweza kumtofautisha yule mmoja hata njia ikiwa na masaa mengi. Marekani kuna United Blood Trackers ambao wana orodha ya wenye mbwa kwa kila jimbo, tafuta namba za wa karibu KABLA ya msimu uzihifadhi.

Na mpigie simu mwenye mbwa ukishauona mshale wa tumbo, siyo baada ya kupekua msitu mzima na rafiki sita. Viatu vyenu vinabeba damu na uchafu wa tumbo mnausambaza kila mahali, mbwa anafika anakuta njia ishirini. Yeye mwenye mbwa atakuuliza maswali yale yale ya hatua ya kwanza, alijibuje, mshale uko vipi, saa ngapi, sasa unaona kwa nini nilikuambia uandike.

Kuhusu mpaka wa shamba la jirani, damu ikivuka uzio simama. Piga simu kwa mwenye ardhi, eleza kwa adabu, akikataa wasiliana na afisa wa wanyamapori. Usivuke kimya kimya ukijitetea kuwa unafanya jambo jema.

Hatua ya 8: Umemwona amelala

Simama. Usikimbilie kupiga picha. Mwangalie kwa mbali dakika kadhaa, mbavu zinapanda? Sikio linacheza? Kulungu aliyekufa macho yako wazi, yana ukungu. Macho yaliyofumba au kichwa kilichoinuka, yuko hai. Kama yuko hai na uko ndani ya umbali, mshale mwingine kwenye mapafu, kwa utulivu. Kama amekufa mkaribie kutoka mgongoni, mbali na kwato na pembe, gusa jicho kwa kijiti kirefu. Jicho likipepesa rudi nyuma upige tena.

Na hili watu hawalisemi: ukimpasua, kuna uwezekano kipande cha mshale na chembe chake, yaani ile ncha yenye nyembe, bado kimo ndani. Usizamishe mikono bila kuona. Vaa glavu, tanua kifua, tafuta kwanza kile chembe, halafu uendelee.

Hatua ya 9: Nyama ya aliyepigwa tumbo

Siyo ya kutupa yote, lakini siyo ya kufumba macho pia. Mtoe matumbo mara moja bila kutoboa zaidi. Kile kimiminika cha kijani kifute kwa kitambaa safi, suuza na maji safi kidogo, halafu kausha, nyama ikikaa na unyevu inazidi kuharibika. Sehemu iliyoguswa ikate pamoja na nyama ya kuizunguka uitupe. Sarara za ndani ndo zinaumia kwanza kwa kuwa ziko mle mle tumboni, mara nyingi zinaondoka. Mapaja na mabega huwa salama kama hajakaa kwenye joto. Yapoze haraka, barafu ndani ya kifua kama bado uko mbali, shabaha ni chini ya nyuzi 4. Nusa kwenye kiungo cha paja karibu na mfupa, hapo ndipo joto linakaa mwisho kutoka na hapo ndipo uozo unaanza. Kukiwa na harufu ya uchachu au rangi ya kijani, usimlishe mtu.

Kama hukumpata

Tafuta siku mbili kwa kweli, siyo masaa mawili. Baada ya hapo inategemea ulipopiga. Wa mgongo juu, bega au kidari wengi wanapona, wanatokea kwenye kamera za msituni wiki chache baadaye wana kovu wanakula kama kawaida, kwa hiyo ziache kamera zako zifanye kazi. Wa tumbo usijidanganye, amekufa mahali. Kuna wawindaji ambao hapo wanafunga kibali chao kama vile wamempata, hata pale sheria haiwalazimishi. Mimi nafanya hivyo. Yule jike niliyekusimulia ndo alikuwa kulungu wangu wa mwaka ule.

Utajisikia vibaya na ni sawa kujisikia vibaya, mtu asiyesikia kitu ningemwogopa. Zungumza na mtu anayewinda, mwambie ukweli wote bila kupunguza umbali wala kumsingizia upepo. Usirudi msituni kesho yake kufuta aibu, hasira ya namna hiyo inazaa mshale mbaya wa pili.

Halafu tafuta sababu

Mara nyingi ni moja kati ya chache. Kulungu kushtuka sauti ya upote ndo ya kwanza. Fanya hesabu hii: mshale mwingi unakwenda kama mita 85 kwa sekunde, sauti mita 340. Kwa mita 30 sauti inamfikia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, mshale unafika baada ya theluthi ya sekunde na kidogo. Ana robo sekunde ya kujibu, na anachofanya ni kujishusha ili apate nguvu ya kuruka, mshale unapita juu ya ulipolenga. Ndo maana aliyeinua kichwa, masikio mbele, misuli imekaza, usimpige zaidi ya mita 20, na ukimpiga lenga theluthi ya chini ya kifua.

Pembe ndo ya pili. Aliyesimama ubavu au aliyekupa mgongo kidogo ndo wa kupiga, huyu wa pili lenga mshale utokee kwenye bega la upande wa pili. Anayekuelekea, mwache apite. Ukiwa juu sana ya mti na yeye yuko karibu chini yako, pafu moja ndo utakalopata.

Nyingine ni wewe mwenyewe: umbali uliokisia, tawi ambalo hukuliona, kidole kilichobana kwa pupa. Au upinde umehama. Piga mishale yenye nyembe za kuwindia, siyo ile ya mazoezi tu, uone kama inaangukia mahali pamoja. Kisha kila asubuhi kwa wiki mbili toka nje ukiwa baridi bila kujipasha, umevaa nguo zako za kuwindia, piga mshale mmoja tu kwenye umbali ambao hujaupima, uandike ulipotua. Ukiona ile mishale ya kwanza ya asubuhi inakaa ndani ya upana wa kiganja siku saba mfululizo, rudi kwenye dungu lako.